Sini nzima bila kukata: kupiga shoti ndefu ya Shinji Sōmai ufukweni Mwanza

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu sita hadi kumi, chenye simu nzuri moja au kamera moja, waigizaji wa umri wa miaka 12 hadi 18, na jioni moja ya kufanyia kazi kwenye ufukwe wowote kati ya Igombe na Luchelele. Kinachotafutwa ni sini moja, yaani tukio moja la filamu, ya dakika nne hadi sita isiyokatwa hata mara moja, ipigwe kwa njia aliyoisimamia Mjapani Shinji Sōmai katika filamu zake za vijana. Bajeti inaweza kuwa ndogo sana. Muda wa mazoezi hauwezi kuwa mdogo, na vikundi vingi hushindwa hapo.

Kabla ya kugusa kamera, mjue mwenye njia. Sōmai alizaliwa mwaka 1948 huko Morioka, kaskazini mwa Japani, akaanza kama mwongozaji msaidizi katika kampuni ya Nikkatsu miaka ya 1970. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1980, na hadi anafariki kwa saratani ya mapafu Septemba 2001, akiwa na miaka 53, alikuwa ameongoza filamu 13 tu. Jina lake lilikua mwaka 1981 kwa Sailor Suit and Machine Gun, hadithi ya msichana wa sekondari anayerithi genge la yakuza, akiigiza Hiroko Yakushimaru. Ilijaza majumba ya sinema, ingawa ndani yake kuna shoti ambazo mtayarishaji mwoga angeziita za kichaa kwa filamu ya kibiashara: kamera iko mbali, haikaribii uso wa nyota, na haikati. Mwaka 1982 akawa mmoja wa waongozaji tisa walioanzisha Directors Company ili wafanye filamu zao nje ya studio kubwa. Typhoon Club ya mwaka 1985, kuhusu wanafunzi waliokwama shuleni wakati wa kimbunga, ilishinda tuzo kuu ya shindano la waongozaji vijana katika tamasha la kwanza la kimataifa la filamu la Tokyo.

Ukiwa na nafasi ya kutazama filamu mbili tu, tazama hiyo na Moving ya mwaka 1993. Moving ina msichana wa Kyoto ambaye wazazi wake wanatengana. Anawapeleka Ziwa Biwa akitumaini watarudiana, kisha usiku wa tamasha la moto anapotea peke yake hadi alfajiri inamkuta ukingoni mwa maji. Mtu wa Mwanza ataielewa haraka jinsi ziwa linavyotumika pale, kwa sababu halikuwekwa kama mandhari ya kupendezesha picha. Mtoto analiendea kwa miguu, anachoka, analowa, na sisi tunamfuata muda wote huo. Filamu hiyo ilionyeshwa Cannes mwaka 1993, na nakala yake iliyokarabatiwa ikapata tuzo ya ukarabati bora huko Venice mwaka 2023, kwa hiyo siku hizi inapatikana ikiwa na picha safi. Ya tatu kwenye orodha, kwa wale wanaotaka kupiga wavuvi, ni The Catch ya mwaka 1983, kuhusu mvuvi wa jodari wa Oma anayehangaika na samaki mmoja mkubwa baharini. Chukua saa. Hesabu sekunde kila kamera inapowaka hadi inapokata, na chora kwenye karatasi mahali kamera iliposimama. Zoezi hilo la jioni mbili litakufundisha kuliko maelezo yoyote.

Ukishachora utaona jambo ambalo waigaji hulikosa. Hukazania urefu wa shoti, wakasahau umbali na uchovu. Sōmai alikuwa akiwarudisha waigizaji wadogo kwenye sini ileile mara nyingi mno, mara nyingine bila kuwaambia kosa liko wapi, mpaka wanaacha kuigiza walichokariri na mwili unaanza kufanya mambo yake: kujikuna, kuteleza, kucheka pasipopangwa. Shoti ndefu inayotazama kwa mbali ndiyo inayoyanasa hayo. Ukikaribia uso na kukata kila sekunde nne, hata yakitokea hutayapata. Lakini ukali wake kwa watoto ulijulikana, maneno makali yakiwemo, na huo tunauacha kwake. Matokeo yanapatikana kwa subira na chakula cha kutosha.

Kuchagua eneo

Tafuta njia ya mita 60 hadi 80 ambayo mtu anaweza kuipita kwa miguu kuanzia sehemu iliyofichika hadi ukingoni mwa maji. Mwendo wa taratibu ni kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo njia hiyo ukiijazia vituo vitatu vya kusimama na kuongea inakupa dakika nne hadi sita bila kulazimisha. Mwanza imebarikiwa katika hili: mawe makubwa yanafanya kazi ya milango. Mwigizaji anaingia nyuma ya jiwe na kutoka upande wa pili akiwa na hali nyingine, shati limelowa au mwenzake hayupo tena, na hakuna aliyekata.

Pita eneo hilo mara tatu kwa saa ileile utakayopigia, ukiangalia jua, upepo na watu. Mji uko upande wa mashariki wa ghuba, hivyo kutoka Capri Point au Kirumba jua linazama upande wa maji. Maana yake, kamera ikitazama ziwa jioni, waigizaji watakuwa vivuli vyeusi. Ukitaka nyuso, geuza kamera: waigizaji watoke nchi kavu wakielekea ziwani, kamera ikirudi nyuma mbele yao na kulipa ziwa mgongo. Ukitaka vivuli, sawa, ila mazungumzo yasitegemee macho.

Jambo la pili ni magugumaji. Yanasukumwa na upepo, na ghuba ndogo iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kufungwa kijani kibichi ifikapo saa kumi jioni. Kuwa na eneo la akiba mbele kidogo. Wala usichague mwamba unaoguswa na mawimbi kama njia ya kukimbilia. Ule utando wa kijani juu ya jiwe unateleza hata kwa mtu mzima aliyevaa viatu.

Kwenye mwalo, mambo huanza kwa salamu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, siku kadhaa kabla. Waamkie wazee, eleza sini inahusu nini, na uliza lini mwalo una kazi nyingi. Ukitokea na kamera asubuhi mitumbwi ikishusha dagaa bila mtu kukujua, utaulizwa unatoka idara gani, na kazi ya siku imekwisha. Akina mama wanaoanika dagaa wana haki ya kutotaka kuonekana. Kwa shoti ndefu suala hili ni zito zaidi, maana huwezi kumkata mtu mmoja ukabakiza wengine. Kibali cha kupiga picha kinatoka Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Anza maombi mapema, siyo wiki ya kupiga.

Kuandika sini kwa ajili ya miguu

Usiandike mazungumzo kwanza. Chora ramani ya eneo ukionyesha mawe, mitumbwi, mti na maji, kisha weka matendo juu yake. Sini ya dakika tano inabeba matendo makubwa matatu au manne, si zaidi. Mfano: wanafunzi watano wametoroka kipindi cha mwisho. Wanagombania simu, mmoja anapanda jiwe na kukataa kushuka, wanne wanaamua kumwacha, mmoja anarudi. Kila tendo liwe na kazi ya mikono, kama kusukuma mtumbwi, kukunja nyavu, kuvua viatu au kugawana mahindi ya kuchoma. Kijana akiwa na kazi ya mikono husahau kamera. Akipewa maneno matupu huanza kuongea kama mtangazaji wa redio.

Maneno yaachwe mafupi na wayaseme kwa lugha yao. Watoto wa Igogo au Mabatini wanachanganya Kiswahili cha mtaani na Kisukuma kidogo, na ukiwasahihisha wawe fasaha unaua kile ulichokifuata.

Mazoezi: siku tatu kabla ya kamera

Siku ya kwanza hakuna kamera kabisa. Wapitishe waigizaji njia nzima mara kumi, bila maneno, ili miguu ijue mahali. Weka alama za vituo kwa kokoto, siyo kwa chaki wala utepe, maana vitaonekana kwenye picha.

Siku ya pili mpiga picha anatembea nao mikono mitupu, wakati mtu wa tatu anamwongoza kwa kumshika kiunoni kutoka nyuma. Huyu wa tatu ndiye muhimu kuliko wote kwenye mawe. Mpiga picha anayerudi kinyumenyume akitazama kioo haoni chochote nyuma yake, na wanaoanguka huanguka hapo. Mkubaliane ishara: kubonyeza mara moja maana yake simama, mara mbili kuna ngazi au jiwe, kuvuta maana yake geuka.

Siku ya tatu mnapiga kila kitu kwa simu yoyote, ubora wowote, na jioni mnakaa kutazama. Swali la kujiuliza ni moja: ni sekunde zipi ambazo hakuna kinachotokea na bado hutaki kuangalia pembeni? Hizo zilinde. Zile unazotaka kuruka, fupisha njia yake kwa mita tano au kumi. Usijaribu kuziponya kwa kuongeza mazungumzo.

Kamera

Kwa simu, lenzi kuu ikiwa mita tatu kutoka kwa mtu mzima itamwonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni. Katika mita nane atachukua karibu theluthi ya kimo cha picha. Umbali wa Sōmai uko kati ya hapo na mbali zaidi. Anza mbali, karibia mara moja tu katikati ya sini, kisha mwache mwigizaji aondoke bila kumfuata. Hata kama vidole vinawasha, usiguse zumu.

Mpangilio ni huu. Fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa za dukani zitapepesa kwenye picha ukitumia 30. Funga mwanga na fokasi kwenye programu ya kamera. Ukiviacha vijiendeshe, picha itang'aa na kufifia kila mwigizaji anapotoka kivulini kwenda penye jua, na kwenye shoti ya dakika tano hakuna mahali pa kuficha kasoro hiyo. Pima mwanga kwenye uso katika kituo cha katikati, kisha kubali kwamba mwanzo utakuwa na giza kidogo na mbingu ya mwisho itaungua. Shata ya 1/50 kwenye jua kali inahitaji kichujio cha kupunguza mwanga: ND64 mchana, ND16 jioni. Usipokuwa nacho, acha shata ipande. Mwendo utaonekana wa kukatakata kidogo, lakini filamu haitakufa kwa hilo.

Utulivu wa kielektroniki wa simu hufanya kazi vizuri penye mwanga, na huharibu picha magharibi inapoingia, kila hatua ikiacha ukungu. Gimbali, kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, ni bora. Pasipo gimbali na penye mchanga mgumu au barabara ya lami, mkokoteni wa matairi ya upepo unafaa, ukipunguza upepo wa matairi hadi yabonyee kwa kidole gumba. Mpiga picha akae, watu wawili wasukume, vifundo vyote vipakwe grisi ili visilie. Kwenye mawe hakuna mkokoteni. Hapo ni miguu, magoti yakikunjwa kidogo, na viatu vyenye soli laini.

Simu zinazima kwa joto. Kati ya marudio iweke chini ya mwavuli mweupe, itoe kasha lake, na iwe hali ya ndege muda wote, maana simu ya shangazi ikiingia dakika ya nne ndiyo basi. Kwa ubora wa 4K tenga takriban megabaiti 170 hadi 400 kwa dakika, kutegemea simu na mpangilio wake. Marudio kumi ya dakika sita ni gigabaiti kumi hadi 24, na hiyo nafasi iwe tupu kabla hamjatoka nyumbani.

Sauti na upepo

Upepo wa ziwani huanza kuja nchi kavu kabla ya adhuhuri, hukolea alasiri na hupungua jua likikaribia kuzama. Asubuhi mapema maji hutulia zaidi. Maiki ya simu haifai hata ukiomba. Tumia maiki ndogo zisizo na waya za kubandika ndani ya nguo, mbili kama ndizo mlizo nazo, kwa wale wanaoongea zaidi, na kila moja ifunikwe kipande cha manyoya ya bandia. Sponji peke yake haizuii upepo wa ufukweni. Maiki hizi hushindwa nyuma ya mwamba, kwa hiyo anayebeba kinasa awe upande mmoja na waigizaji, akitembea nje ya picha.

Bodaboda, honi ya kivuko, adhana, spika za baa: vyote vitaingia. Kwa kawaida viache. Kinachosumbua ni muziki unaotambulika, kwa sababu ya hakimiliki, hivyo mwombeni mwenye baa kwa adabu na kwa soda. Mwisho wa siku rekodi dakika mbili za sauti ya mahali pakiwa kimya, bila mtu kuongea. Mhariri atazihitaji.

Ratiba ya jioni

Mwanza jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi, kutegemea mwezi, na baada ya hapo mwanga unaofaa hudumu kama dakika 20. Fika saa nane mchana. Pitisheni sini mara tatu bila kamera, mle, mpumzike. Rudio la kwanza liwe saa kumi na nusu. Sini ya dakika tano pamoja na kurudi mwanzo, kufuta jasho na kupanga vitu huchukua dakika 15 hadi 20, kwa hiyo mna marudio saba au nane hadi giza. Mawili ya kwanza huwa magumu kama mbao, ya katikati ni sahihi lakini baridi, na yale mazuri mara nyingi hutokea la tano au la sita. Msiyafikie mkiwa mmemaliza maji ya kunywa. Juni hadi Agosti ndiyo miezi salama ya kupanga. Kuanzia Oktoba hadi Mei panga siku mbili za akiba kwa ajili ya mvua.

Usiku una zawadi yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hupumzika. Ukitaka ile mistari ya taa majini nyuma ya waigizaji, panga siku za mwezi mwandamo. Washa taa zako za betri dakika za mwisho tu. Vijidudu vya ziwani hukusanyika kama moshi mbele ya lenzi.

Mvua ya kutengeneza

Baada ya Typhoon Club kila mtu hutaka mvua. Tenki la lita 1,000 na pampu inayotoa lita 60 kwa dakika hukupa dakika 16 hivi, yaani marudio mawili, labda matatu. Elekeza bomba juu ili maji yaanguke, usiwapige nayo waigizaji. Taa iwe nyuma ya mvua ikitazama kamera kwa pembeni, maana mvua inayomulikwa kutoka mbele haionekani. Tumia taa za betri peke yake. Waya wa umeme wa nyumba usiwepo popote karibu na maji hayo. Na maji yawe ya bomba, siyo ya kuvuta ziwani.

Sababu ni kichocho. Vimelea vyake hukaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa yaliyotulia na yenye majani, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Sini ya kuingia majini fikiria upya: kijana aliyeketi ukingoni mwa jiwe, miguu ikining'inia juu ya maji, anatosha. Ikibidi kuingia, tumia waigizaji wazima walioelezwa hatari, na wapime kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye. Penye viboko na mamba, na wenyeji wanajua ni wapi, hakuna mjadala. Ndani ya mtumbwi kila mtu avae jaketi okozi, mpiga picha akiwemo. Likionekana kwenye picha, liandike kwenye hadithi.

Katika filamu za Sōmai watoto huruka, huzama na katika Typhoon Club huvua nguo kwenye mvua. Hayo usiyaige. Kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kuna mzazi anayekuamini. Kila mwigizaji wa chini ya miaka 18 awe na barua ya mzazi au mlezi aliyesoma sini yote. Mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine yoyote awatazame watoto tu, na awe na mamlaka ya kusimamisha kamera bila kumwomba mwongozaji. Msipige siku ya masomo. Sare za shule halisi zinahitaji ruhusa ya mkuu wa shule. Ni rahisi zaidi kushona sare ya shule isiyokuwepo.

Kuchagua rudio

Hamisha faili zote kwenye diski mbili tofauti usiku huohuo. Kesho yake tazameni marudio yote kuanzia la mwisho, bila sauti, kisha na sauti. Kosa la kamera kama kutikisika au mtu kupita mbele ya lenzi linasameheka. Kosa la mwigizaji kumtazama mwongozaji halisameheki. Mtashawishika kuunganisha nusu ya rudio la nne na nusu ya la sita nyuma ya jiwe. Kiufundi inawezekana, mradi mwanga uwe uleule, na tofauti ya dakika 20 jioni inatosha kuonekana. Kama hakuna rudio zima linalofaa, fupisheni sini kwa dakika moja mrudi Jumamosi inayofuata. Filamu ikikamilika, ipelekeni Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa umri wa watazamaji kabla ya kuionyesha ukumbini au kwenye kibanda cha video, na muweke wiki kadhaa kwenye ratiba yenu kwa hatua hiyo.